Soli za Watafuta Kazi

Kiwanda cha magodoro kilipofunga milango, karibu kila nyumba mtaani iliyumba. Moja tu ilisimama, na mwenye nyumba hiyo hakujua auweke wapi uso wake.

Alikuwa fundi viatu. Watu walimwita Soli, na hata mkewe alimwita hivyo akishamchoka, yaani karibu kila siku. Kwa miaka mingi kibanda chake cha mabati kilijikongoja: leo kisigino, kesho zipu ya mkoba, keshokutwa kupiga miayo. Kiatu kikichakaa, mtu alinunua kingine. Kisha kiwanda kikafa, duka la vifaa vya ujenzi likafuata, ofisi za mizigo nazo zikafungwa, na watu wakaanza kutembea. Asubuhi walitoka na bahasha kwapani, wakabisha hodi mlango hadi mlango, jioni wakarudi na bahasha zilezile. Nauli hawana. Kadiri walivyotafuta kazi ndivyo soli zilivyolika, na kiatu kipya nani angekimudu? Vyote vikaja kwa Soli.

Vilijaa rafuni, vikajaa sakafuni, vikaning'inia misumarini kama popo. Akapanga chumba cha pili nyuma ya kibanda, akanunua cherehani ya kushonea ngozi. Nyumbani likaingia friji.

Mwingine angenenepa. Soli alikonda.

"Wenzangu wanalia, mimi nacheka," alimwambia mkewe.

"Hujacheka hata siku moja," mkewe akajibu. "Ungecheka, ningepumzika."

Kilichommaliza ni neno la mteja mmoja, aliyekuwa mlinzi kiwandani. Alikuja kuchukua viatu vyake, akalitazama lile rundo, akasema bila ubaya wowote, "Kweli, kufa kufaana." Akaenda zake. Neno likamkaa Soli kooni kama mwiba wa samaki.

Toka hapo vituko vikaanza. Akinunua nyama aliificha kwenye mfuko wa viatu vibovu asionekane nayo, ikafika nyumbani inanuka gundi. Shati zima alilivua kabla ya kutoka, akavaa lenye kiraka. Akiwakuta wanaume wenzake wamekaa kwenye ukuta wa duka wakilalamikia hali, naye alijibanza pembeni akalalamika kuliko wote: maji yamezidi unga, biashara imekufa, hajui wiki hii itaishaje. Alilalamika vizuri mno, kwa sababu alikuwa na huzuni kweli, ila si hiyo aliyoisema.

Wengine aliwatengenezea bure. Hilo nalo likamtokea puani. Aliyetengenezewa jozi moja bure, kesho yake alileta viatu vya ukoo mzima, hadi vya mjomba aliyeishi mji mwingine. Mgongo ukaanza kumuuma. Mwishowe akawa anawarudisha wateja: "Nendeni kwa fundi wa sokoni, mimi nimezidiwa." Kila jozi mpya iliyoingia aliiona kama dhambi nyingine.

"Mume wangu," mkewe alimwambia, "umaskini tumeukimbia kwa miguu yetu wenyewe. Sasa wewe unaufuata nyuma, unaubembeleza urudi?"

Soli alikuwa analifunika friji kwa shuka, maana alisikia hodi.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Mlangoni walisimama majirani watatu, mbele yao Mama Pacha wa nyumba ya pili, ambaye mumewe alishona vitambaa vya magodoro pale kiwandani tangu ujana wake. Alibeba beseni. Ndani yake mlikuwa na unga, maharage, na nusu mche wa sabuni uliokatwa kwa kisu.

"Shemeji," alisema, "tunaona unavyokonda. Tunasikia unayoyasema pale dukani. Sisi wenyewe hatuna, unajua, lakini tumekaa tukaona tusikuache. Ni kidogo, usikidharau."

Soli akalitazama beseni. Mkewe akamkazia macho. Na hapo friji, chini ya shuka lake, likanguruma.

Mama Pacha akaligeukia lile shuka. Mke wa Soli hakusubiri mtu aulize. Alilivuta, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti.

"Mwambie," alimwambia mumewe. "Mimi nimechoka kuishi na chizi."

Soli akasema yote, akiangalia sakafu: kwamba kazi haijafa bali imefurika, kwamba nyama ipo, kwamba aliona aibu. Mama Pacha alilitua beseni mezani taratibu.

"Aibu ya nini? Umeiba?"

"Sijaiba. Lakini nakula kwa soli zenu."

"Basi kula. Nani amekuambia ukijitesa wewe, kiwanda kitafunguliwa?" Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sabuni hii nimeikata wanangu wakiniangalia, shemeji."

"Nisamehe."

"Hilo la sabuni nitakusamehe. Juzi ulimrudisha mdogo wangu na viatu vyake, ukamwambia umezidiwa. Nikadhani ni maneno ya mtu aliyekata tamaa. Kumbe umezidiwa kweli. Na mume wangu yuko ndani anahesabu mabati ya dari, mtu aliyeshona maisha yake yote. Anapita mbele ya kibanda chako kila siku. Mbona hukumwita?"

Soli alikuwa ameshughulika kumwonea huruma Baba Pacha kiasi kwamba kila mwenzake alipopita, yeye aliinamisha kichwa asikutane naye macho. Wazo la kumwita halikuwahi kumjia.

"Mficha uchi hazai," alisema Mama Pacha, akanyanyua beseni lake. "Unga narudi nao."

Baba Pacha alikuja Jumatatu, akasalimia kwa kifupi, akakaa kwenye cherehani. Kabla ya saa sita alikwisha kulalamikia kiti kifupi, taa hafifu, uzi mwembamba na jinsi Soli anavyopaka gundi.

"Wewe ulishona magodoro," Soli akamwambia. "Hapa ni viatu."

"Ndiyo maana vinabana."

Ikawa hivyo kila siku. Soli aliapa mara nyingi kwamba angemfukuza, akajua hawezi, maana kazi ilitoka nzuri na haraka, na mgongo ukapona. Wateja waliofukuzwa wakarudi. Mapato waligawana sawa kwa sawa, na wakigombana, waligombana kuhusu dirisha la kibanda, lifunguliwe au lifungwe. Mama Pacha alinuna muda mrefu. Salamu za Soli aliziitikia kwa nusu mdomo, akimpita kama mtu anayepita shimo.

Lakini asidhani mtu kwamba Soli alipata amani. Siku moja alikuja dada aliyekuwa karani wa zile ofisi za mizigo. Hakuleta kiatu. Alisema amesikia pale wanachukua watu. Anaweza kufagia, kupanga, kupokea wateja, lolote. Soli akatazama vyumba vyake viwili, akamtazama Baba Pacha, naye Baba Pacha akatikisa kichwa. Palikuwa pamejaa. Zamani Soli angeanza kulia njaa. Safari hii alisema:

"Dada, kazi ipo ila inatutosha sisi wawili tu. Ikiongezeka nitakuita. Niachie namba."

Yule dada aliiacha, akashukuru, akashika njia. Soli alimfuata kwa macho. Soli za viatu vyake alizijua, alikuwa amezibandika yeye mwenyewe, na zilikuwa zimeanza kulika tena upande wa ndani.

Alirudi kwenye kigoda chake, akagonga misumari kwa hasira hadi jioni, na Baba Pacha, kwa mara ya kwanza, hakulalamikia kitu.