Mzee Leonardi Anapima Kibao cha Kusomea

Mtaani Buzebazeba, ukinunua godoro na moyo ukakuambia kwamba umepigwa, majirani watakuelekeza kwa Mzee Leonardi. Hana cheti cha magodoro. Alikuwa mnunuzi wa mawese, akizunguka vijijini na madumu yake mpaka magoti yakamgomea, na kazi ile ilimwachia ugonjwa wa kupima kila kinachopita mbele yake. Anapima mafuta, anapima dagaa, anapima mahubiri ya Jumapili na kuyakata alama kwa urefu. Kijana aliyekuja kumposa binti yake alipimwa mpaka soda ikaisha gesi mkononi.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa pale binti huyo, Agnesi, anayefanya kazi katika duka la vifaa vya umeme Mwanza, alipowatumia wazazi wake kibao cha kielektroniki cha kusomea vitabu, kisha akapiga simu.

"Baba, hilo ni toleo jipya la kile nilichowaletea mwaka juzi. Bado ni cha bei ya chini kabisa, cha mtu anayeanza, ila wanasema wamekirekebisha. Bosi anataka kujua kama tukilete kwa wingi tuwauzie walimu na wastaafu. Nimewawekea na vitabu. Kipime, Jumapili nitakupigia uniambie ukweli."

"Ukweli wangu unaujua. Hauna sukari."

"Ndiyo maana nimekupa wewe."

Mzee aliweka simu mfukoni huku kifua kimemjaa sifa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Agnesi hakulijua. Baba yake alikuwa hawezi tena kusoma.

Herufi alizijua vizuri sana. Macho ndiyo yaliyomsaliti. Ukungu ulianza katika jicho la kushoto, ukazoea, ukahamia na la kulia. Watu aliwaona, njia aliiona, hata rangi ya mawese bado aliiona kwa kuinua chupa juani, lakini ukurasa wa kitabu ulikuwa umebaki vumbi jeusi juu ya karatasi. Ulikuwa sasa ni mwaka, naye hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe Honorata.

Na Honorata ndiye aliyekuwa mgumu zaidi kumficha, kwa sababu wawili hawa walikuwa na desturi yao. Tangu walipooana walikuwa wakisoma kitabu kimoja. Leonardi alisoma sura yake asubuhi barazani, akaweka uzi mwekundu alipoishia. Honorata, akirudi ufukweni Kibirizi alikoanika dagaa, alisoma sura hiyohiyo mchana. Hakuruhusiwa mtu kumpita mwenzake. Halafu wakati wa chakula cha jioni walibishana. Walibishana kwa sauti kweli, mpaka mara moja jirani mgeni alikuja kuwasuluhisha akidhani wanagombea shamba. Alipoambiwa kwamba ugomvi ni wa tajiri mmoja wa kitabuni, aliomba maji ya kunywa na kuondoka.

Kwa mwaka mzima, basi, Mzee Leonardi alikuwa akikaa barazani na kitabu wazi, akigeuza kurasa kwa kukadiria, akisogeza uzi. Jioni alimwacha mkewe aanze kusema, naye akafuata nyuma. Mama akisema huyu ana roho mbaya, yeye alisema, "Mbaya sana." Aliona mbinu yake ni ya kijanja. Ilikuwa ikimchosha kuliko kubeba madumu.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu ya kaka yake, Samson. Samson alipopungukiwa macho, watu waliacha kuzungumza naye. Walikuja wakamwuliza mkewe, "Atakula nini? Amelala vizuri?" na mwenyewe amekaa palepale, masikio mazima. Leonardi aliyaona hayo akayaogopa kuliko kaburi. Aliogopa siku ambayo Honorata angemsomea kitabu kama mtoto mwenye homa, halafu wasibishane tena.

Ijumaa asubuhi alikitoa kibao katika mfuko wake na kuanza kazi. Alikinusa kwanza. Kilinuka upya na si kingine. Alikipima kwa kiganja: uzito wa samaki mgebuka mmoja wa wastani, chepesi kuliko kile cha zamani. Alipitisha kidole gumba pembeni akitafuta ukali, hakukuta. Mgongoni alikuta kasoro, plastiki yake ilikamata alama za vidole, na vidole vya nyumba ile daima vina mawese. Alikipeleka juani. Hakikumwakia usoni kama simu. Alikirudisha ndani kwenye giza la chumba, akabonyeza hapa na pale mpaka kikatoa mwanga wake mtulivu, jambo ambalo kile cha zamani hakikuwa nalo kabisa. Kile cha zamani yeye mwenyewe ndiye aliyekifelisha, akasema kurasa zake ni za kijivu kama maji ya kuoshea mchele na kwamba kikifungua ukurasa kinapepesa weusi. Hiki hakikupepesa. Hata waya wake wa kuchajia ulikuwa sawa na wa simu ya Honorata.

Alifurahi, tuseme ukweli. Alikipenda. Alikuwa amekipima kila mahali isipokuwa kwenye kusoma kwenyewe.

Lakini uzi je? Kibao hakina pa kuweka uzi. Kinakumbuka chenyewe mtu alipoishia, na Honorata alikuwa tayari amefungua riwaya ya mjane mmoja na nahodha wa boti ya abiria, akapanga waanze sura ya kwanza siku hiyo. Leonardi akaona njia ni ileile, asogeze mbele. Akagonga, akagonga, akagonga, kwa kadiri ya sura moja. Kidole kikapanda juu kidogo ya palipostahili, kioo kikabadilika, kikabadilika tena. Kwake yeye lilikuwa vumbi jipya baada ya vumbi. Akakiacha juu ya kigoda na kuondoka akipiga mluzi.

Jioni kulikuwa na ugali wa muhogo na mgebuka kwa mawese. Honorata alinawa, akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi.

"Yule mjane ameniumiza," alisema. "Sikutegemea afe."

Leonardi alitikisa kichwa polepole. "Hata mimi. Imenikaa hapa," akasema, akijigusa kifua.

"Mapema vile."

"Mapema mno. Lakini amekufa kwa heshima."

Honorata alimtazama. Kisha akamsogezea kipande kinono cha samaki upande wake wa sahani na kuuliza kama pilipili imetosha. Mzee alikula akijipongeza.

Jumamosi asubuhi alikikuta kibao kigodani kama kawaida. Akakifungua, akainama kwa ajili ya maonyesho yake. Akasoma neno moja.

MJANE.

Alirudisha kichwa nyuma. Akafumba macho, akafumbua. Neno lilikuwapo. Herufi zilikuwa nene na nyeusi ajabu, kubwa kama za mwalimu wa darasa la kwanza ubaoni, maneno machache tu katika ukurasa mzima. *Mjane alifungua mlango kabla ya mgeni kubisha.* Alilisoma tena, kwa sauti ndogo. Kisha akagonga, akaja ukurasa mwingine, nao akausoma. Machozi yalimshuka, akayafuta kwa mkono wa shati, akakasirika kwamba yanamchelewesha.

Alisoma mpaka chai ikapoa. Dismasi, muuza mafuta, alifika na chupa yake ya mawese ya kunuswa.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuletea haya uyaangalie."

"Marahaba. Kaa hapo ungoje. Nina kazi."

Sura ya kwanza ikaisha, mjane akiwa mzima. Mzee akakunja uso. Akaingia sura ya pili, akavunja sheria ya nyumba bila hata kujua. Mjane alikuwa sokoni, akipandisha bei. Sura ya tatu alikuwa akimfokea nahodha, na sauti yake haikuwa ya mtu anayekaribia kufa hata kidogo.

Hapo Mzee Leonardi aliteremsha kibao mapajani. Masikio yake yakapata moto. Akainuka, akampita Dismasi bila neno na kuzunguka hadi uani. Honorata alikuwa akifua. Siku hiyo hakwenda Kibirizi.

"Mama Agnesi. Mjane hajafa."

"Hajafa," alijibu akikamua shati.

"Jana ulisema amekufa."

"Na wewe ukasema amekufa kwa heshima."

Mzee alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Umejuaje?"

"Nilikikuta kibao kimefunguka kwenye kitabu cha kufuga kuku. Ugonjwa wa kideri. Nikasema sawa, ngoja nimuulize huyu bwana kuhusu mjane." Alilitundika shati kambani. "Lakini hiyo ilikuwa kuhakikisha tu. Mimi nilianza kukushuku zamani, tangu ulipoanza kunikubalia."

"Kukukubalia nini?"

"Kila kitu, Baba Agnesi! Mwaka mzima! Nikisema mbaya, mbaya. Nikisema mzuri, mzuri. Mimi niliolewa na mtu mbishi, halafu nikajikuta nakula na mtu wa kuitikia amina. Umekaa mbele yangu kila jioni, na mimi nimekuwa mpweke."

Hilo lilimwingia. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba kile alichokuwa akikilinda, ndicho alichokuwa amekwisha kumnyang'anya mkewe.

"Niliogopa yasinikute ya Samson," alisema. "Watu wakuulize wewe kama nimeshiba."

"Samson alinyamaza, wakapata nafasi ya kumsemea. Wewe nani atakusemea? Jumatatu tunakwenda hospitali wakakuangalie hayo macho, labda ni mtoto wa jicho tu. Mpaka hapo, herufi nimeshakuongezea mpaka mwisho wake."

Mzee alikitazama kibao mkononi. Alipitisha kidole gumba pembeni yake. Akakohoa.

"Ila huyo nahodha wako," alisema, "ni tapeli."

Honorata aligeuka, povu likimchuruzika viganjani. "Tapeli? Nahodha? Umefika sura ya ngapi wewe?"

"Ya tatu."

"Umenipita!"

"Nimekupita, na nakwambia ni tapeli. Hata sura ya kwanza tu, mtu gani anamsaidia mjane mizigo halafu anauliza bei ya nyumba yake?"

"Amemuuliza kwa wema!"

"Wema gani wa kuuliza bei!"

Barazani, Dismasi alisikia sauti zikipanda, akachukua chupa yake na kuamua kurudi siku nyingine. Nguo zilikaa ndani ya beseni. Jumapili, Agnesi alipopiga simu, baba yake alipokea akihema.

"Kibao kinafaa, mwanangu. Waambie wanunuzi wafute mikono kwanza. Mengine nitakupigia baadaye, hapa mama yako anapotosha mambo."

Akakata simu.