Maneno ya Wifi Yangu, Matrah

Mwishoni mwa mwaka 1970 niliondoka Mombasa kwa sababu moja: mke wa mdogo wangu Nasoro alitaka kurudi kwao Hong Kong, na Nasoro aliniomba nikamzuie. Alimwoa huko alipokuwa baharia. Sasa alikuwa karani Maskati. Melini, mimi mwalimu, nilitunga nasaha ndefu kuhusu subira.

Katika bandari ya Matrah, jirani na Maskati, wifi yangu Ling alinipokea kwa Kiingereza, lugha pekee tuliyoshirikiana. Alijibu kwa ufupi, kama aliyekwisha kuaga. Nikaiweka kando nasaha, nikamwomba anifundishe Kikantoni cha mitaani, hasa vitenzi. Uso ulimfunguka.

"King gai ni kupiga soga," alisema. "Gau dim, kulimaliza jambo likatulia. Ding ni kustahimili."

"Na kuondoka?"

"Jau lou. Kuchukua miguu, bila ya kuaga." Alitazama chini. "Siwezi tena ku-ding, wifi."

Alasiri ya pili tulikwenda kijiji cha jirani, Sidab, kwa shangazi yangu, Bi Zuwena. Ikaja halua, kisha kahawa. Kila alipomiminiwa, Ling aligonga vidole viwili juu ya sinia, akanywa. Shangazi akainua dele, birika lake la kahawa, akajaza tena.

"Mke wenu huyu kahawa anaijua," shangazi alisema. "Nna khofu atameza na dele lenyewe."

Wanawake wa jirani waliokuwapo wakacheka. Ling alikuwa akilengwa na machozi. Nilimwuliza kwa nini hakatai.

"Kwetu kugonga vidole ni kushukuru. Nashukuru, wanazidi kumimina. Kila nyumba ni hivi. Wananikomoa."

"Nasoro hakukwambia utikise kikombe ukitosheka?"

"Nasoro hukaa na wanaume."

Nilipomweleza shangazi, aliliweka dele chini.

"Tumemtesa mtoto wa watu, naye anatushukuru," alisema taratibu. Akampa Ling dele ammiminie yeye, kisha akagonga sinia kwa vidole viwili. "Mwulize, nimefanya sawa?"

Ling alicheka hata akajifunika uso kwa mtandio. Kabla hatujaondoka, shangazi alikuwa akisema "king gai" kwa ghaini, ile gh nzito ya Kiarabu, na Ling akimsahihisha bila ya haya.

Siku ya kurudi nilimwuliza Ling kama atabaki. Hakuniahidi. Alisema Ijumaa atakwenda Sidab, peke yake, na kwamba Nasoro asimsindikize. Nilipanda meli na nasaha yangu nzima, haijatamkwa. Nilikuwa nimekwenda kumfundisha subira mtu aliyekuwa nayo kutushinda sote. Alichokosa ni mmoja wetu wa kumwuliza kwao husemaje.