Safari ya Meli Baada ya Eda

Baba alifariki Ujiji, alikokwenda kuwasalimia ndugu zake, akazikwa huko huko. Mama alikaa eda nyumbani kwetu Biryogo, Kigali. Siku zilipotimia alifunika cherehani yake ya kushonea wateja, akaniambia, "Tunakwenda kumwona baba yako." Tukapanda basi mpaka Bujumbura, tukaingia meli ya ziwani iendayo Kigoma.

Ukisafiri na mama yako katika ziwa lile, usimketishe mbele. Kaeni katikati, chini, ambako meli haitikisiki sana. Mimi nilitaka aone maji vizuri, nikamweka mbele, naye akatapika hata chai ya asubuhi. Chukueni muhogo wa kuchoma na ndimu. Sisi tulibeba sambusa zenye mafuta, zikaliwa na wengine.

Meli iliposimama mara ya kwanza kushusha watu, nilishika mzigo wetu. "Mama, tushuke hapa, turudi."

"Shuka wewe," alisema, uso ukiwa ndooni. "Mimi sijawahi kumpa mteja gauni la mkono mmoja."

Abiria waliotuzunguka wakacheka. Mama naye akacheka, kisha akatapika tena.

Nasema kweli, mwenye hofu nilikuwa mimi. Niliogopa kuliona kaburi. Nikaweka mzigo chini, nikamhamishia katikati, nikamshikia ndoo mpaka Kigoma. Kesho yake, kaburini Ujiji, alisimama wima akaomba dua mpaka mwisho.

Sasa mama naye amezikwa, hapa Kigali. Ni mwendo wa miguu tu, na kila Ijumaa, hata moyo ukikataa, naenda.