Nambari Tisa Niliyemkatalia Ruhusa

Acha niisimulie aibu hii mwenyewe, maana wanafunzi wangu wameshaanza kuieneza. Mimi ni mwalimu mgeni katika chuo cha ualimu karibu na Nyaishozi, na mwezi uliopita nilipewa kazi ya kuchagua timu ya mpira. Nikasimama pembeni mwa uwanja na daftari langu, nikigawa alama kwa maringo.

Nambari tisa ndiye aliyenipagawisha. Alikuwa na mguu wa kushoto wa ajabu, nikampa kumi juu ya kumi. Tatizo ni kwamba kila ikifika saa kumi na moja alichomoka uwanjani mbio. Siku ya tatu nikamzuia.

"Huna nidhamu! Leo utacheza mpaka filimbi ya mwisho."

"Mwalimu, naomba niende mara moja tu, nitarudi."

"Huendi popote!"

Wenzake wakacheka. Nikadhani wanamcheka yeye. Akarudi kucheza kwa wasiwasi, akafunga mabao mawili, nami nikaruka-ruka kama mtoto.

Mara nikamwona mkuu wa chuo, mama wa makamo, akija kwa haraka. Nikamkimbilia.

"Shikamoo mama! Nimekupatia nahodha!"

"Marahaba, mwalimu," akasema, akijikaza asicheke. "Huyo nahodha wako ni mpishi wetu. Maharage ya chuo kizima yameungua."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Nikageuka kutazama jikoni, nikaona moshi mweusi umefunika paa lote.