Mama Karibu na Foleni Aliyoizima

Jirani yangu wa barazani tunamwita Mama Karibu. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, lakini hata mume wake, dereva wa lori, akipiga simu dukani husema, "Nipe Mama Karibu." Ana duka la kuchapa na kutoa kopi, na kupiga picha za pasipoti. Mimi ni fundi viatu. Siku moja mvua ilinikuta njiani, nikapiga hodi, akasema karibu, nikaweka sanduku langu chini ya bati lake. Mvua ilikatika. Mimi bado nipo.

Kabla ya duka alifanya kazi mapokezi, katika nyumba ya wageni. Kazi yenyewe ilikuwa kusema karibu, na nadhani ilimwingia mwilini. Muuza soksi akipita, karibu. Watu wa dini wakija na vijitabu vyao, karibu, wakae, wapewe maji. Wa dini nyingine wakitokea, nao karibu, na wale wa kwanza hawajaondoka bado. Basi yeye yupo katikati anatabasamu huku na huku, na vijitabu vya pande zote mbili amevipokea.

Shida ni kwamba kompyuta nayo hupiga hodi. Ukiweka programu mpya, inakuuliza kwa adabu: "Ungependa programu hii ianze kila unapowasha kompyuta?" Mashine yake imewekwa Kiswahili, kwa hiyo swali alilielewa vizuri, na balaa likaanzia hapo. Kumwambia Hapana mtu aliyeuliza kwa upole namna ile hakuweza. Alibonyeza Ndiyo. Miaka nenda rudi, alibonyeza Ndiyo.

Matokeo yake, akiwasha asubuhi, wageni wote hao waliamka pamoja wakasukumana mlangoni. Atawasha, atafagia duka, atafagia baraza, ataniinua mimi na sanduku langu afagie tulipokaa, atakunywa chai, na kile kiduara kwenye skrini bado kinazunguka.

"Inaamka," alikuwa akiwaambia wateja.

"Inaamka au inazaliwa?" aliuliza muuza magazeti.

Mteja wake mkubwa ni mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Bila mitihani ya shule ile, duka la Mama Karibu ni la picha za pasipoti tu, na watu hawasafiri kila siku. Mwalimu mkuu ni mama mwenye sauti ndogo, na akikasirika inakuwa ndogo zaidi. Mtihani wake haulali nje ya ofisi yake, usije ukavuja. Huuleta mwenyewe asubuhi ile ile ya kufanywa, kwenye flashi aliyoivaa shingoni kama mkufu.

Alhamisi moja alisubiri kile kiduara mpaka kengele ya shule ikalia akiwa bado amesimama dukani. Akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niache kugonga msumari ndipo niisikie, "Mama Karibu, kesho naleta mtihani wa kufunga muhula. Watoto wakikaa darasani bila karatasi, muhula ujao mimi navuka barabara."

Ng'ambo ya barabara pamefunguliwa duka jipya la kuchapa, lenye mlango wa kioo. Siku nzima ile Mama Karibu hakuutazama mlango ule, na alivyokuwa hautazami, kila mtu aliona.

Mchana akamwita shemeji yake, mdogo wa mume wake, fundi wa kompyuta. Shemeji alikaa, akafungua ukurasa wenye orodha ya programu zote zinazoamka na mashine, akashusha, akashusha tena, akaegemea kiti.

"Shemeji, uliacha kazi nyumba ya wageni ukaja kufungua nyingine humu ndani!"

"Acha maneno, nitengenezee."

"Nitengeneze nini? Mashine ni nzima. Ni foleni tu. Wote hawa asubuhi wanapanga foleni, na wewe uko nyuma yao. Huyu nani?"

"Wa printa."

"Printa ipi?"

"Ile ya zamani."

"Ile iliyoungua?"

"Ndiyo hiyo, maskini."

"Kwa hiyo kila asubuhi anaamka, anamtafuta marehemu, hamwoni, anakaa."

"Usiseme hivyo, unanitia uchungu."

"Na huyu wa kufundisha gitaa?"

"Nilikuwa na nia."

"Huyu wa hali ya hewa?"

"Huyo mwache! Ananiambia kama mvua inanyesha."

"Shemeji, mlango uko wazi. Geuza shingo."

Alipoambiwa azizime mwenyewe, aliurudisha mkono mapajani. Shemeji akamwelewesha kwamba kuzima hapa si kufukuza. Programu inabaki humo humo, inalala mpaka siku utakapoiita mwenyewe. Hilo lilimtuliza. Akamzima wa printa, akasema samahani. Akamzima wa gitaa, samahani. Wa hali ya hewa alipata samahani ndefu. Kadiri alivyoendelea samahani zilipungua, mabega yakanyooka, na wa mwisho mwisho aliwazima kama mtu anayeua mbu.

"Huyu hapana," shemeji akamshika mkono. "Huyu ni mlinzi wa kuzuia virusi. Ukimlaza mlinzi, nyumba utamwachia nani?" Kisha akafungua ukurasa wa pili. "Na hawa wanaitwa huduma. Hawa si wageni, ni watumishi wa nyumba. Usimguse hata mmoja."

"Siwagusi."

Shemeji akaenda zake. Nilikuwa nashona soli ya kiatu cha polisi niliposikia kutoka ndani, "Kumbe ni wewe!" Nilidhani ni panya.

Ijumaa asubuhi aliwasha, na kabla hajaushika ufagio mashine ikawa tayari. Alitoka barazani kunionyesha kwa mikono jinsi ilivyoruka. Mwalimu mkuu alipofika alikuta skrini inang'aa na Mama Karibu amesimama pembeni yake kama bibi harusi. Flashi ikaingia, mtihani ukafunguka, akabonyeza Chapa.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kompyuta ikasema haioni printa.

"Printa hii hapa," Mama Karibu akaiambia, akionyesha kwa kidole. "Hii hapa, jamani!" Akaizima printa, akaiwasha, akaipapasa. Mwalimu mkuu akaangalia saa, halafu akaangalia ng'ambo ya barabara. Mimi nikaogopa.

Mama Karibu akampigia shemeji yake. Simu yake imeharibika spika ya sikioni, hutumia ile ya nje, na kila anayeongea naye tunamsikia sote.

"Shemeji," ikasema simu, "umezima nini jana nilipoondoka?"

"Sijazima kitu."

"Shemeji."

"Nimezima foleni tu."

"Foleni gani?"

"Si ulisema mwenyewe shida ni foleni? Nikafungua ule ukurasa wa pili kuwaangalia tu, nikamwona mmoja ameandikwa kabisa Foleni ya Kuchapa. Nikasema mchawi ndiye huyu, anakaa na watumishi kumbe anatuharibia. Nikamzima."

Simu ikacheka mpaka ikakohoa. "Huyo ndiye anayepokea karatasi zako na kuzipeleka kwa printa moja moja! Bila yeye printa haijui hata kama kuna kazi. Mrudishe haraka. Weka aanze mwenyewe, kisha bonyeza Anzisha."

Mama Karibu akaufungua ukurasa, akamtafuta, akampata. "Samahani baba," akaiambia skrini. "Nilikudhania vibaya. Karibu." Akabonyeza.

Printa ikaguna, ikameza karatasi, ikaanza kutema mtihani.

Mwalimu mkuu alikusanya karatasi zikiwa bado za moto. "Kwa hiyo," akauliza taratibu, "ulizima foleni ili mimi nisipange foleni?"

"Ndiyo, mwalimu."

Midomo yake ikacheza. Akakaza uso, ukamshinda, akacheka kicheko kidogo kama sauti yake. "Muhula ujao," akasema akitoka, "siku moja kabla sijaja, usiguse kitu chochote." Kengele ya shule ililia akiwa ameshafika getini.

Mchana shemeji alikuja kuhakikisha hakuna mtumishi mwingine aliyelazwa. Alipokuwa bado ameinama, programu moja ikajitokeza kwenye skrini na swali lake la adabu. Kidole cha Mama Karibu kilikaa hewani muda mrefu. Halafu, "Samahani sana," akabonyeza Hapana, akajifuta jasho.

Shemeji akapiga makofi, akageukia barazani. "Sasa umeiva. Na huyu fundi viatu je? Kila duka likifunguliwa, naye anaanza. Hajaitwa na mtu. Tumzime?"

Niliinama juu ya kiatu. Mimi si mtu wa kujibu mizaha, na huu sikuwa na hakika kama ulikuwa mzaha.

"Huyo," Mama Karibu akasema bila kugeuka, "yuko ule ukurasa wa pili. Usimguse."

Niliendelea kushona. Kiatu chenyewe, niligundua baadaye, nilikuwa nimekimaliza zamani.