Miguu na Mgongo Havikai Siku Moja

Mimi ni mtu wa ndani. Nikionekana nje ya geti letu hapa Kihonda, majirani huuliza nyumbani kuna msiba gani. Basi nilipoamua kutengeneza mwili, sikwenda popote. Nilijaza zege kwenye makopo mawili ya rangi, nikayaunganisha kwa bomba la chuma, nikaanza kupiga tizi uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku.

Kunyanyua hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni ratiba: nini kikae na nini? Jamaa mmoja wa video za mazoezi kwenye simu alisema kifua kiende na nyuma ya mkono, maana vyote ni vya kusukuma; mgongo uende na mbele ya mkono, maana vyote ni vya kuvuta; miguu ipewe siku yake, ikibidi na mabega. Nikachora jedwali nyuma ya kalenda, nikafuta, nikachora tena. Elimu yangu ya kidato cha nne haijawahi kutumika kiasi kile, hata kwenye mtihani wenyewe.

Ila jamaa alitaka siku tatu nzima. Nikajiuliza, mbona maharage tunachemsha mara moja na kuyala siku tatu, mwili una nini? Nikaamua: Jumatano, vyote vya juu. Jumamosi, miguu na mgongo kwa pamoja. Siku tano zilizobaki, kochi.

Jumamosi ya kwanza nilichuchumaa na zege mabegani mpaka kuku wakaacha kula wakaniangalia. Kisha nikainama kulivuta kutoka chini, mara nyingi kuliko akili. Jumapili sikuwa mtu. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilishuka nimeshika bomba la maji, nikainuka nikiomba toba.

Jumatatu asubuhi mjomba akapiga simu kutoka Mgeta. Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa ameteleza kwenye matuta ya kabichi na kuvunjika mguu. Pikipiki haiwezi kushuka na mgonjwa wa hivyo kwenye njia ile. Ilibidi abebwe kwa machela hadi barabarani, gari limsubiri huko.

"Wajukuu mnahitajika," mjomba akasema. "Hasa wewe. Tumeona mapicha yako ya mazoezi."

Nilikuwa nimeyatuma mwenyewe kwenye grupu la familia. Nilitaka wayaone.

Nilimkuta bibi barazani, amelazwa kwenye machela ya miti miwili na blanketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona unatembea kama umetoka jando jana?"

"Nimefanya mazoezi ya miguu."

"Yaani umeichosha kabla ya kazi?" Akamgeukia mjomba. "Haya, warefu wakae mbele, huko njia inakozama. Wafupi nyuma. Sitaki kufika barabarani kabla ya machela."

Mimi ni mrefu. Nikakaa mbele.

Kumbe miguu iliyochoka inaweza kukudanganya ukipanda. Ukishuka inasema kweli. Kwenye kona ya kwanza mapaja yakaanza kutetemeka, na mgongo, ambao ungeyasaidia, nao ulikuwa marehemu wa Jumamosi ileile. Kila nilipotetemeka, machela ilitikisika, na bibi akauma upindo wa khanga.

Kona ya pili akasema taratibu, "Mume wangu, wapishe wenzako."

Mama mdogo, ambaye hushusha matenga ya karoti kwenye njia hiyohiyo kila wiki, akautoa mti begani kwangu akauweka kwake. Mimi nikatwishwa kikapu cha bibi: khanga mbili, sufuria ya uji, na jogoo ambaye bibi aligoma kumwacha nyumbani. Machela ikatulia. Mama mdogo hana ratiba. Nadhani hana hata Jumamosi.

Hospitali bibi akafungwa hogo, ile plasta ngumu, kutoka vidoleni hadi juu ya goti, akaletwa kwetu ili awe karibu na hospitali. Kila asubuhi alitakiwa kubebwa kutoka kitandani hadi uani aote jua, kisha arudishwe. Mama ana kiuno kibovu. Nikabaki mimi.

Siku ya kwanza akaiona ile kalenda ukutani, imegeuzwa nyuma mbele.

"Jumamosi umeandika nini pale?"

"Miguu na mgongo."

"Na Jumapili nitabebwa na nani, jogoo?"

Akaniambia nilete kalamu. Tukagawa upya: Jumatatu kifua na nyuma ya mkono, Jumatano mgongo na mbele ya mkono, Ijumaa miguu na mabega. "Na miguu yenyewe usiimalize. Bakiza ya kunifikisha juani." Yalikuwa yaleyale ya jamaa wa kwenye simu, ila yule sikumpenda kiasi cha kumsikiliza.

Jumamosi iliyofuata, siku moja baada ya miguu, nikamwinua. Alinishika shingo kwa nguvu, akafumba macho, khanga tayari mdomoni. Nikapita mlango, nikashuka ngazi mbili za uani, nikamkalisha. Akafumbua jicho moja.

"Umetetemeka?"

"Hapana, bibi."

Akaitoa khanga mdomoni, akaangalia jua, akaniangalia mimi.

"Basi nirudishe ndani. Nimesahau ugoro."

Ugoro ningeweza kumletea. Nikambeba.