Cherehani ya Juzuu Tatu

Jumatatu, siku ya kumi ya mfungo saba, saa nne za asubuhi, nilimpoteza nyanya yangu hapa hapa Mtopanga, katika chumba alimonilea. Matanga yalipoanuliwa, waliotoka Likoni na Changamwe walirudi makwao, nami nikarudi kwenye karai langu la viazi, maana aliyebaki hai lazima ale. Juma lililofuata madrasa iliyo nyuma yetu ilifanya mashindano ya kuhifadhi Kurani. Kipaza sauti kikatangaza mshindi wa kwanza, kijana wa miaka kumi na mitano, na zawadi yake, pikipiki mpya. Kabla ya magharibi pikipiki ilikuwa imeshapata mnunuzi. Wateja wangu walibishana mbele ya karai. Mmoja alisema kitu cha kheri hakiuzwi. Mwengine akasema pikipiki hailiwi. Wa tatu akanigeukia, "Dada, wewe wasemaje?" Nikampa viazi vyake na ukwaju. Jibu langu ni refu, wala si la kusemewa barabarani. Acha nikuambie wewe.

Ikiwa ulikulia pande hizi, utakumbuka jinsi Mtopanga ilivyokuwa kabla ya magorofa. Nyumba zilikuwa za udongo na mawe, zimepakwa chokaa, na baina ya nyumba na nyumba kulikuwa na nafasi ya kuanika mikeka. Alfajiri ulisikia mikokoteni ya maji ikigonga mawe, na baada yake mama wa mahamri akipiga unga. Kazi zangu zilikuwa tatu: kufagia ua, kununua maji madumu mawili, na kumkunia nyanya nazi nikirudi chuoni, kwa maalim wa madrasa. Mama yangu aliolewa Likoni nami nikabaki na nyanya. Sikuona upungufu. Nyanya alikuwa akipika mbaazi za nazi ambazo watu walizifuata na bakuli mkononi, na sufuria likiisha alinipa mimi nikwangue chini.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, maalim aliniingiza mashindanoni, juzuu tatu. Yalifanyika mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri, uwanjani mbele ya msikiti. Midomo ilikuwa imekauka kwa saumu. Waliponiita nilisahau hata kuvaa viatu. Lakini nilipofumba macho, aya zilikuja zenyewe, moja ikiivuta nyengine, hadi mwisho. Nikawa wa kwanza kwa wasichana. Zawadi ilitolewa na tajiri mmoja mwenye duka la vitambaa, na ilikuwa cherehani ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Ililetwa kwetu kwa mkokoteni, watoto wakiifuata nyuma kama arusi.

Kwa majuma matatu ile cherehani ilikaa dirishani kwetu. Nyanya alinionyesha kutia uzi na kukanyaga. Nilishona pindo la foronya moja, limekwenda upande, na nyanya akalisifu kwa vidole maana kwa macho hakuliona. Macho yake yalikuwa na ukungu. Kila mwezi ukungu ulizidi, akawa anajua wageni kwa sauti na anajua saa kwa joto la ukuta.

Siku chache baada ya Idi alipata habari kwamba madaktari wa macho watakuja zahanati kwa majuma mawili. Akaenda, wakamtazama, wakamwandikia kupasuliwa Alhamisi ya juma la pili yake. Kulikuwa na gharama ambayo hatukuwa nayo. Usiku wa kuamkia kesho yake hakulala vizuri, nilimsikia akijigeuza. Asubuhi akaniita.

"Abee, nyanya."

"Kaa. Hii cherehani ni yako, si yangu. Umeipata kwa kifua chako. Nataka kuiuza nipasuliwe macho. Wanipa ruhusa?"

Nikasema nampa. Ningesema nini kingine? Lakini ndani ya moyo wangu nilishikwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa hii. Maalim alikuwa ametuambia, zaidi ya mara moja, akipiga kidole ubaoni, kwamba maneno ya Mungu si ya sokoni, na mwenye kufanya biashara kwa alichohifadhi humtoka kifuani. Mimi nililichukua neno lake vile lilivyo. Nilifikiri juzuu zangu tatu zimo ndani ya ile cherehani, na siku itakayotoka mlangoni zitatoka nayo, zimfuate mnunuzi, nami nibaki mtupu. Usicheke. Au cheka, nami hucheka siku nyengine.

Nyanya hakuwa mtu wa kuuza kitu kimya kimya. Alikuwa na desturi, kitu ulichopewa hukitoi mkononi bila ya kuomba radhi kwa aliyekupa. Akavaa buibui lake, mimi nikamshika mkono, tukaenda dukani kwa yule tajiri. Watu walikuwa wakipimiwa vitambaa. Nyanya akaamkia, akaeleza mbele yao wote kwamba anaomba radhi ya kuuza zawadi yake, na sababu yake. Tajiri aliweka mkasi chini. Akasema alipoitoa aliitoa kwa ajili ya Mungu, haimo tena mkononi mwake, na laiti wote wangemuuliza. Tukapita kwa maalim pia, naye akaitikia haraka haraka, alikuwa na wanafunzi. Hivyo nyanya aliomba radhi mahali patatu. Wawili walimpa kwa kweli. Mimi peke yangu nilimdanganya.

Mnunuzi alikuwa jirani yetu, mama mmoja kutoka bara ambaye mumewe alifanya kazi bandarini. Alikuwa akishona sare za shule na kanzu za kwaya ya kanisa lao. Habari ilipozagaa, maneno yalianza kisimani, tulikoteka maji ya kufulia. Mama wa mahamri akasema, "Bibi kauza juzuu, sasa zitakwenda kuimba kanisani." Wakacheka. Nyanya alisikia, akajaza ndoo yake taratibu, kisha akasema, "Sindano haina dini, mwanangu. Ingelikuwa nayo, hilo gauni lako ungelishonewa na nani?" Kicheko kikamgeukia mwenye maneno. Lakini kwangu mimi yale maneno yalikuwa yameshaingia. Niliziona juzuu zangu kwenye kwaya.

Jumamosi yule mama alikuja kuijaribu. Nilikuwa nimemtangulia. Chini ya sindano kuna kichuma kidogo kinachoshika bobini. Bila hicho uzi wa chini haushiki, cherehani inapiga kelele tu. Nilikitoa nikakifunga kwenye pindo la leso yangu, nikajifunga leso kiunoni, nikasimama mlangoni kama mtoto mwema.

Mama aliketi, akatia kitambaa cha kijani, akakanyaga. Haikushona. Akainama, akatazama chini, akasema pana kitu kimekosekana. Nyanya akapapasa kwa vidole mahali pasipomwambia lolote. Yule mama alikuwa mtu mzuri. Alisema ataichukua hivyo hivyo kwa bei pungufu, atafute kile chuma mjini. Nyanya akakataa. "Huenda kuna na jengine nisiloliona," akasema. "Siwezi kukuuzia kitu nisichokijua, mama. Tafuta nyengine, shule zafunguliwa."

Basi akaenda. Nyanya aliketi pale dirishani muda mrefu, mkono juu ya cherehani. Hakuniuliza. Jumanne alituma neno zahanati kwamba Alhamisi hatafika, wampe mwengine nafasi yake. Nilikuwapo akilituma. Nilijua lile lilikuwa jambo la macho yake. Sitakuambia kwamba sikujua. Nilijiambia Mungu atamfungulia njia nyengine, kwa kuwa mimi nimezilinda aya Zake. Kila alfajiri nilizipitia zote tatu chini ya shuka, nikazikuta, nikafurahi.

Alhamisi ikapita. Jumamosi nilichelewa chuoni, na nyanya akaamua kukuna nazi mwenyewe. Niliporudi nilimkuta juu ya mbuzi, anakuna, anazungumza peke yake kuhusu chumvi. Kwenye sinia nazi ilikuwa na rangi ya waridi. Vidole vyake viwili vilikuwa vimechunika, naye alidhani ule umajimaji ni tui.

Nilifungua pindo la leso nikamwekea kile kichuma kiganjani. Akakigeuza, akakijua. Nikamwambia yote, pamoja na juzuu kumfuata mnunuzi. Kisha akaosha mkono, akaufunga kitambaa, akasema, "Maalim alisema aya, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa nauza chuma." Hakunipiga. Nilitamani anipige.

Akavaa buibui tukaenda kwa yule mama, na nyanya akanisimamisha mbele yake niseme kwa mdomo wangu. Nikasema. Yule mama alikuwa na pini midomoni, akazitoa moja moja. "Yaani mimi nikishona na hiyo mashini," akaniuliza, "ningeamka nasoma Kiarabu?" Mumewe ndani akacheka. Yeye hakucheka, alikuwa akiutazama mkono wa nyanya. Lakini alikuwa ameshanunua nyengine Kongowea. Akaahidi kuuliza kwa wenzake, na akatimiza. Kikundi cha akina mama wa Changamwe kiliichukua mwezi uliofuata. Nyanya aliwaeleza hadi ile foronya iliyokwenda upande.

Aliniagiza pia kwa maalim, nikamuulize mwenyewe. Maalim alitaka kucheka, akaacha. Alivua kofia, akaivaa tena. Akasema yale maneno hakuyasema kwa ajili yetu sisi watoto, aliyasema kwa ajili ya watu wazima wanaoandika hirizi wakalipisha, na kosa lake ni kuwasemea mbele ya watoto. Mtu mkubwa kukiri kosa mbele ya mtoto, siku zile hukuliona mara nyingi.

Madaktari walirudi baada ya masika. Walilifungua jicho la kulia, na nyanya aliliona jua, akaniona na mimi, akasema nimekuwa mrefu na nimekonda. La kushoto walisema limechelewa, limeshaharibika ndani, haliwezi tena. Huenda lilikuwa limeharibika hata kabla. Daktari hakusema, nami sikuthubutu kuuliza. Nyanya hakulitaja kamwe, si kwa hasira wala kwa mzaha, na alikuwa mtu wa mzaha.

Kwa hivyo ukiniuliza kuhusu yule kijana na pikipiki yake, nasema auze, ikiwa ana haja. Alichoshinda kimo kifuani mwake, na hakuna mnunuzi awezaye kukipakia. Mimi juzuu zangu ninazo hadi leo, na cherehani sijui iko wapi. Ila natamani angepita kwa aliyempa, akaomba radhi, kama tulivyofanya. Siku hizi mtu hupiga picha ya zawadi akaiweka kwenye simu kabla hajafika nayo nyumbani, na hakuna anayemuuliza mtu. Yule tajiri alishakufa, duka lake sasa lauza simu. Kisima kimefukiwa. Maalim yuko makaburini, karibu na nyanya.

Jumapili, siku moja kabla hajatutoka, niliingia na bakuli la uji nikaketi kitandani upande wake wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia palikuwa na nguo zilizokunjwa. Alisikia kitanda kikibonyea. Akauliza ni nani. Nikasema, "Ni mimi, nyanya." Akapapasa hadi akanipata mkono.

"Zunguka huku nikuone," akasema.

Nikaziondoa zile nguo, nikazunguka.